Bahari Haimo Kwenye Bei ya Chumba

Swali la kwanza huwa si kitanda. Si chakula, si hali ya hewa, wala si kama chumba kina kiyoyozi. Mtu ametoka Kileleshwa, ameketi kwenye kiti changu cha wageni, amekataa chai, ameniambia "dada, pesa si shida" (na kweli si shida, nimeiona saa mkononi), kisha anaegemea mbele kidogo na kuuliza: "Hiyo hoteli ina ufuo wake?" Anamaanisha ufuo wenye kamba. Ufuo ambao mtu mwingine hawezi kuukanyaga.

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari. Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la simu mjini Nairobi, na kwa miaka michache sasa pwani ya Ufaransa imewashika wateja wetu kama homa. Dubai wameichoka. Zanzibar wanasema ni ya wikendi. Sasa ni Nice, Cannes, Antibes, Saint-Tropez. Fungate, miaka kumi ya ndoa, kutimiza miaka arobaini. Wanakuja na picha kwenye simu, na picha ni ile ile: mwavuli wa mistari, glasi, maji ya buluu, miguu miwili. Hakuna binadamu mwingine.

Mimi huwajibu hivi: haina. Hakuna hoteli Ufaransa yenye ufuo wake, hata ile ambayo bei ya wiki moja inatosha kununua gari. Hapo huangaliwa kama fundi aliyeshindwa kupata spea. Wengine huondoka kwenda kwa wakala mwingine, naye anawaambia ipo, wanarudi na picha za kunionyesha. Nimechoka kubishana nao mmoja mmoja.

Sheria yenyewe si ya jana. Mnamo Agosti 1681, enzi za mfalme Louis XIV, Ufaransa ilitoa amri kubwa ya mambo ya bahari, kazi ya waziri Colbert, na ndani yake ufuo ukapewa maana: ni eneo lote ambalo maji hulifunika yakijaa na kuliacha wazi yakipwa. Mtoto yeyote wa Pwani angewapa maana hiyo bure. Eneo hilo ni la umma na haliuzwi. Mapinduzi yakaja, mfalme mwingine akakatwa kichwa, jamhuri zikaja moja baada ya nyingine, na ufuo ukabaki wa umma. Sheria ya 31 Desemba 1976 ikaongeza kwamba mwenye kiwanja kinachopakana na ufuo aache ukanda wa mita 3 ili watu wapite kwa miguu. Sheria ya 3 Januari 1986, ile Wafaransa wanaiita kwa kifupi sheria ya pwani, ikakataza kujenga ndani ya mita 100 kutoka baharini nje ya maeneo yaliyokwisha kujengwa, na ikasema wazi kwamba kufika ufuoni ni bure kwa kila mtu.

Sasa ile "plage privée" unayoiona kwenye matangazo ni nini? Ni kibali. Serikali huipa manispaa kibali cha kuuendesha ufuo, manispaa hukodisha vipande kwa hoteli au mikahawa, kwa muda usiozidi miaka 12, na kwa kawaida kwa miezi 6 tu kila mwaka, kisha vibanda ving'olewe na mchanga upumue. Tangu 2006 kanuni inasema asilimia 80 ya ufuo wa asili, kwa urefu na kwa eneo, lazima ibaki wazi. Ufuo uliotengenezwa na binadamu, nusu. Na hata mbele ya vile vitanda vya kukodi, ukanda wa kandokando ya maji ni njia ya kila mtu. Kwa hiyo unacholipia ni godoro, mwavuli na kijana wa kukuletea maji ya limau. Mara nyingi hata godoro lenyewe halimo kwenye bei ya chumba; utaliona kwenye bili. Bahari ndiyo haimo kabisa, kwa sababu hoteli haina bahari ya kukuuzia.

Nisikudanganye kwamba huko wote ni malaika. Vilabu vya ufuoni husogeza vitanda vyao hatua moja kila mwaka, kama jirani anayesogeza ua. Pale Pampelonne, ufuo maarufu wa Ramatuelle karibu na Saint-Tropez, mikahawa ilikuwa imekaa juu ya matuta ya mchanga kwa miongo mingi. Kati ya 2018 na 2019 ikabomolewa, idadi ikapunguzwa, na iliyobaki ikalazimika kujenga upya nyuma ya matuta, kwa mbao na vitu vinavyong'oleka. Matajiri wakalia. Lakini tingatinga lilikuja, na lilikuja kwa ajili ya nyasi za mchangani na mtu wa kawaida mwenye taulo. Wewe umewahi kuona tingatinga Kenya likija upande huo?

Halafu kuna kisa cha mfalme, ambacho nakipenda kupita kiasi.

Pale Golfe-Juan, katika mji wa Vallauris, kuna jumba linaitwa Château de l'Horizon. Lilijengwa miaka ya 1930 kwa ajili ya mwigizaji wa Marekani, Churchill alikuwa akija kustarehe hapo, na 1949 Aly Khan alifanyia karamu ya harusi yake na Rita Hayworth humo. (Aly Khan ni babake Aga Khan aliyefariki 2025, yule aliyekulia Nairobi na akaanzisha kampuni ya gazeti la Nation. Dunia ya matajiri ni ndogo kama Mtwapa.) Baadaye jumba likawa la ukoo wa kifalme wa Saudia. Julai 2015 Mfalme Salman alikuja kupumzika na msafara wa mamia ya watu. Ufuo mdogo ulio chini ya jumba, unaoitwa La Mirandole, ukafungwa kwa sababu za usalama, na zege likamwagwa mchangani ili lifti ya kumteremsha mfalme isimame.

Watu wa Vallauris hawakupiga kelele kwamba mfalme ana pesa nyingi. Pesa zake zinawalisha. Walichouliza ni: zege linafanya nini kwenye mchanga wetu? Waraka wa kupinga ukapata saini zaidi ya laki moja. Mfalme aliyetarajiwa kukaa kama wiki tatu aliondoka baada ya siku 8, akaelekea Tangier, Moroko, na La Mirandole ikafunguliwa. Nikimsimulia mteja kisa hiki, hucheka vizuri sana. Kisha nasubiri kidogo, namuuliza: na wewe unataka nikutafutie ufuo wa kufunga?

Hapa ndipo linaponiuma, na sitajifanya ni suala la sheria tu.

Mimi ni mzaliwa wa Ukunda. Idd pili tulikuwa tunateremka Diani ukoo mzima, sufuria ya pilau imefungwa kwa leso, watoto wananuka udi na jasho. Mwaka mmoja, nilikuwa na miaka 13 hivi, tulitandika mkeka mbele ya hoteli moja kubwa, chini ya mvinje, si mbali na maji. Askari akaja. Alikuwa kijana wa huko huko, nyanya yangu alijua hadi mama yake aliolewa wapi. Akamwamkia kwa adabu zote: "Shikamoo bibi." Kisha akasema alichotumwa: "Mnaruhusiwa kupita, ila msikae."

Nyanya hakubishana. Alikunja mkeka. Tulikula pilau tukiwa tumesimama kwenye maji, yanatufika vifundoni, na watoto waliona ni mchezo.

Katiba ya 2010, ibara ya 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Yaani maneno ya Colbert karibu yote tunayo. Tulichokosa ni zile mita 3. Ukitaka kuona mchezo wenyewe, usitazame mchanga, tazama njia za kuufikia: kijia kilichokuwa cha wavuvi, leo kina geti, kingine kimekuwa maegesho, kingine kimebaki kwenye ramani tu. Ufuo wa umma usiofikika ni wa nani? Na mlinzi wa "mpite ila msikae" yuko palepale, kabadilishwa sare tu.

Basi fikiria mtu aliyekulia nchi hiyo, pengine yeye mwenyewe aliwahi kukunjishwa mkeka, anapata pesa zake halali, na kitu cha kwanza anachotaka kununua nchi ya watu ni mlinzi. Hataki kupumzika kuliko anavyotaka kuwa upande wa ndani wa kamba. Tumefundishwa kwamba raha haijakamilika mpaka mwenzako azuiwe. Na biashara ya safari, nikiwemo mimi ninayeila, imeutazama ugonjwa huo ikaupangia bei.

Sisemi usiende. Wala sisemi ulale hosteli ya vitanda vya ghorofa kumi na wawili chumbani ili uonekane una siasa nzuri. Kuna wasee mtandaoni wakisikia Mkenya amelipia hoteli ya nyota 5 Ulaya wanamtukana kana kwamba ameiba NHIF. Mwachie mtu jasho lake. Mtu mweusi aliyelala vizuri hajamkosea yeyote. Ninachosema ni kwamba hoteli ya fahari ina vitu inavyoweza kukuuzia kweli, na ni hivyo vya kukagua: usingizi, ukimya, maji ya moto, chakula, na wafanyakazi wasiokutazama kama swali.

Nyota hazitakusaidia sana hapo. Ufaransa hupima hoteli kuanzia nyota 1 hadi 5; ya tano ilianza 2009, na 2010 wakaongeza cheo cha juu yake, "Palace", kwa hoteli chache. Wakaguzi huja na orodha: ukubwa wa chumba, saa za mapokezi, lugha zinazozungumzwa, vifaa. Baada ya miaka 5 cheo kinaisha muda, mtu anaomba tena. Ni utaratibu mzuri. Lakini kwenye orodha hiyo hakuna nyota ya usingizi.

Chukua Nice. Hoteli zote za picha ziko kwenye Promenade des Anglais, barabara ya Waingereza, kwa sababu Waingereza wa karne ya 19 ndio walioilipia waweze kutembea kando ya bahari. Ni barabara kweli. Kati ya balkoni yako na maji kuna magari usiku na mchana, yanakwenda pande zote mbili. Na ukivuka, hakuna mchanga. Narudia kwa sababu kuna mteja aliwahi kunipigia simu kutoka huko akilalamika kama nimemwibia: ufuo wa Nice ni wa mawe, mawe ya mviringo ya kijivu, beba viatu vya maji. Mtu aliyezoea Diani ataona ametapeliwa. Kwingine kwenye pwani hiyo hiyo ni reli inayokata kati ya nyumba na maji. Kwa hiyo swali la kuuliza hoteli si "bahari inaonekana?" Bahari itaonekana. Uliza: kati ya dirisha langu na bahari kuna nini?

Na jina kubwa lisikutishe. Negresco, ile yenye kuba la waridi, ilifunguliwa 1913 na Henri Negresco, kijana wa Bucharest aliyeanza kwa kuhudumia meza za watu. Mwaka uliofuata vita vikaanza, hoteli ikageuzwa hospitali ya majeruhi, na 1920 mwenyewe akafa Paris akiwa amefilisika. Leo watu wanalipa kupiga picha chini ya kuba lake. Ningekuwa na pesa ningelala humo usiku mmoja, kwa heshima ya marehemu, kisha nihamie mahali penye kimya.

Msimu nao ni uongo wa namna yake. Mteja anataka Julai au Agosti, kwa sababu ndiyo picha. Lakini pwani hiyo iliuzwa kwanza kama mahali pa kukimbilia baridi: matajiri walikuja Novemba, wakaondoka masika, na kiangazi hoteli zilifungwa kwa joto. Ni 1923 tu ambapo wanandoa wa Kimarekani, Gerald na Sara Murphy, walimshawishi mwenye Hôtel du Cap kule Antibes asifunge kiangazi. Kabla ya hapo kulala juani Agosti kulionekana kichaa. Nenda Septemba. Maji bado yana joto lote la kiangazi, watoto wamerudi shule, bei imeshuka, na mhudumu ana muda wa kukujibu.

Au achana na Mediterania. Huko maji hayapwi wala hayajai kwa maana tunayoijua sisi. Bahari imekaa palepale kama bwawa, na mimi hunichosha. Kaskazini, Saint-Malo, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 12 nyakati za bamvua, mara tatu ya Mombasa. Asubuhi unatembea mchangani hadi ngome iliyo kisiwani, ukizubaa unalala huko. Kusini-magharibi kuna Biarritz, ambako Napoleon III alimjengea mkewe Eugénie jumba la baharini miaka ya 1850. Leo ni Hôtel du Palais, lina cheo cha "Palace", viongozi wa G7 walikutana humo Agosti 2019, na mwenye jengo ni nani? Manispaa ya Biarritz. Wananchi wa mji mdogo ndio wenye hoteli ya kifalme. Mteja akiniambia anataka fahari, humwambia hiyo ndiyo fahari ninayoielewa.

Na kama ni kupumzika kweli, si kupigwa picha, Brittany ndiko walikobobea. Huko Roscoff daktari alianza kutibu watu kwa maji ya bahari yaliyopashwa moto 1899, na 1964 Louison Bobet, bingwa mara tatu wa Tour de France, akafungua kituo chake Quiberon baada ya maji hayo kumsaidia kupona ajali. Unaloweshwa, unakandwa, unafunikwa mwani, unalala saa tatu usiku. Hakuna cha kuposti. Ndiyo maana hakuna anayeniomba.

Wafaransa wenyewe walilipata hili kwa kugoma, tusisahau. Juni 1936, baada ya wafanyakazi kukalia viwanda, serikali ya Léon Blum ilipitisha wiki 2 za likizo yenye malipo, na kiangazi kile kile Léo Lagrange akaleta tiketi ya treni yenye punguzo la asilimia 40. Watu waliokuwa hawajawahi kuona bahari wakateremka kwenye stesheni za pwani na baiskeli na masanduku ya kamba. Wenye hoteli walinuna. Leo ni wiki 5, tangu 1982. Sisi sheria ya ajira ya 2007 inatupa siku 21 za kazi kwa mwaka, na nawajua watu wanaoziuza kwa mwajiri, wengine wanaziogopa. Halafu tunashangaa mtu akipata siku 6 tu za Cannes anazitumia kama mtihani.

Kuna mambo mawili ambayo matangazo hayakuambii kwa sababu hayakuandikiwa wewe. La kwanza ni viza. Unatakiwa uonyeshe mahali utakapolala, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, na ada ya euro 90 ambayo hairudi ukikataliwa. Yaani unachagua hoteli kabla hujajua kama utaruhusiwa kulala ndani yake. Basi kigezo cha kwanza cha hoteli bora kwa Mkenya si bwawa wala mpishi. Ni kama wanarudisha pesa zote ukifuta mapema. Hoteli isiyorudisha imekataa kabla ubalozi haujakataa.

La pili ni ngozi na nguo. Ukipanda treni kwenda Menton, mpakani na Italia, beba pasipoti mwilini. Tangu 2015 polisi wa mpaka hukagua njia hiyo, na Juni mwaka huo Wasudani na Waeritrea waliozuiwa walilala juu ya miamba upande wa Ventimiglia, wakiyatazama maji yale yale yanayouzwa kwa wateja wangu. Polisi hawatauliza umelala nyota ngapi. Na wewe dada unayejistiri kama mimi: kiangazi cha 2016 meya kadhaa wa pwani hiyo walipiga marufuku burkini ufukweni, hadi 26 Agosti mahakama kuu ya utawala, Conseil d'État, iliposimamisha marufuku ya Villeneuve-Loubet. Lakini mahakama hiyo hiyo, 2022, ilikataa kanuni ya Grenoble iliyoiruhusu kwenye mabwawa ya mji. Fikiria hapo. Kwenye mawimbi ya bure sheria inakulinda. Kwenye bwawa unaambiwa uvue. Uliza hoteli kanuni za bwawa lao kwa maandishi kabla hujalipa, na usione haya kuuliza.

Huwa naulizwa: kama una uchungu hivi, mbona usiwapeleke Kilifi ukanyamaza? Wengi nawapeleka. Lakini kuna kitu kimoja kwenye pwani ile nataka kila Mwafrika mwenye viza akione, nacho hakina tiketi.

Ofisi ilinituma Nice Oktoba moja, mafunzo ya siku 3, na siku ya mwisho nilitoroka. Karibu na hapo kuna rasi inaitwa Cap Ferrat. Mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu kubwa yake ilikuwa mali ya Leopold II wa Ubelgiji, yule yule wa Kongo, wakati ambapo fedha za mpira zilikuwa zikimiminika mfukoni mwake na mikono ya watu ikikatwa. Jumba lake moja, Les Cèdres, liliuzwa 2019 kwa euro milioni 200. Na kandokando ya maji, kuizunguka rasi, ipo njia ya umma. Inapita chini ya kuta za mabilionea, inapita chini ya Grand-Hôtel du Cap-Ferrat iliyofunguliwa 1908, na hakuna mlinzi. Nilikutana na wazee wawili na mbwa, msichana anayekimbia, wavuvi wa ndoano. Nilikuwa na mkate na machungwa. Nilifika mahali palipo wazi, jumba juu, bahari chini, nikakaa. Nilikaa kama saa mbili. Hakuna aliyekuja kuniambia nipite.

Kwa hiyo kama pesa ni zako na unaniuliza mimi, ningekuandikia hivi. Wiki ya pili ya Septemba. Villefranche-sur-Mer, dakika chache kwa treni kutoka Nice, na rasi unaifikia kwa miguu. Hoteli ya nyota 4, chumba cha nyuma kinachotazama mlima, kwa sababu cha mbele kinakuongezea bei kwa kitu utakachokikuta chini bure. Kifutike hadi siku ya mwisho. Kifungua kinywa ndani, chakula cha jioni nje. Bila godoro la ufuoni. Taulo ukabebe mwenyewe, na kama mizigo inaruhusu, beba mkeka.